Kipimo cha Chungu cha Mboga za Maziwa

Katika wadi ya Shirere, iliyomo katika eneo bunge la Lurambi mjini Kakamega, mboga za kienyeji zilizoungwa kwa maziwa ni chakula kinachojulikana na kila mtu lakini kinachopimwa vyema na wachache. Mara nyingi sahani inayosifiwa kuliko nyingine zote katika karamu na mikahawa ndiyo inayostahili lawama, kwa kuwa kijani chake kinang'aa kupita kiasi, mchuzi wake umefanywa mzito kwa unga wa ngano, na majani yake yamelegea hadi yamepoteza umbo. Walaji husifu rangi, husifu uzito, na mpishi huondoka akiamini kwamba amefuzu. Sifa za namna hiyo zina madhara, kwa sababu mpishi kijana hujifunza kutokana na kile kinachosifiwa, na kosa linalopigiwa makofi miaka mingi hugeuka kuwa desturi. Ni lazima basi vigezo vya chungu chema viwekwe wazi.

Kigezo cha kwanza ni mchanganyiko wa majani. Mboga zinazofaa kwa maziwa ni zile zenye uchungu wa asili, hasa saga, ambayo kwingineko huitwa mgagani, na managu, yaani mnavu, zikisaidiwa na kunde, ambazo ni majani ya mmea wa kunde wenyewe, na mitoo, majani membamba yenye uchungu wa wastani. Mrenda, ambao ni mboga ya kuteleza, hutiwa kidogo tu ili kushikanisha mengine, na ukizidi huteka chungu chote. Chungu cha jani la aina moja hakiwezi kukamilika, kwa kuwa uchungu wa saga huhitaji ulaini wa kunde, nao ulaini wa kunde bila uchungu hauna maana. Majani huchambuliwa kwa mkono, jani baada ya jani, na mashina magumu hutupwa. Mboga iliyokatwakatwa kwa kisu sokoni tangu asubuhi imekwisha kupoteza sehemu ya thamani yake kabla haijafika jikoni.

Kigezo cha pili ni musherekha, yaani maji ya chumvichumvi yanayotokana na majivu ya mimea. Maganda makavu ya maharagwe, magunzi ya mahindi au maganda ya ndizi huchomwa hadi yawe majivu, kisha majivu hayo hushindiliwa katika chombo kilichotobolewa matundu chini, na maji humwagwa juu yake polepole ili yachuruzike hadi kwenye chombo kingine, yakiwa na rangi ya hudhurungi. Kinachobebwa na maji hayo ni chumvi za potasiamu, hasa kabonati yake, ambayo ni alikali, yaani kinyume cha asidi. Alikali hiyo hulegeza nyuzi zinazoshikanisha seli za majani, hupunguza ukali wa uchungu na huzuia kijani kisigeuke kuwa rangi ya kahawia wakati wa kuchemka. Wapishi wazoefu hawakuhitaji kipimo cha maabara ili kuujua musherekha mzuri: walichovya vidole viwili na kuvisugua, na maji yakiteleza kama sabuni walijua kwamba nguvu imo, kisha walidondosha tone moja ulimini ili kupima ukali wake kabla ya kukadiria kiasi cha kutia.

Hapa ndipo wadanganyifu wanapoingilia. Muuzaji asiye mwaminifu huongeza maji katika chupa ya musherekha, na mpishi mwenye haraka huacha musherekha kabisa, akatia magadi au soda ya kuokea mikate. Zote mbili ni alikali, na kwa hiyo majani hulainika upesi na kijani hung'aa, jambo linalomdanganya mlaji kwamba mboga zimetoka shambani saa hiyohiyo. Ukweli ni kwamba soda ikizidi huacha ladha ya sabuni nyuma ya ulimi, huyavunja majani yakawa uji, na huharakisha kuharibika kwa vitamini C, ambayo tayari haistahimili moto mwingi. Musherekha nao ukizidi huleta hasara hiyohiyo, na ndiyo maana walioujua vizuri waliutia kwa uchache. Kijani kinachong'aa, kwa hiyo, si ushahidi wa ubora. Kijani cha chungu chema ni kizito na kilichotulia.

Pamoja na hayo yote, lipo jambo moja ambalo asiye mjuzi hulipita kila mara, nalo ndilo linalotenganisha mpishi na mwigaji, yaani ukingo wa sahani. Mboga zinapopakuliwa, mjuzi haangalii katikati, mahali ambapo kila sahani hupendeza, bali hungoja kidogo na kuutazama mstari ambapo mboga hukutana na sahani. Ikiwa maji membamba yamejitenga na kuzunguka mboga, huku chembechembe nyeupe zikiwa zimeng'ang'ania majani, maziwa yamekatika, na hakuna sifa inayoweza kuiokoa sahani hiyo. Ikiwa ukingo ni mkavu, na maziwa yamelivaa kila jani kwa utando laini usioachana nalo hata sahani ikiinamishwa, mpishi alijua alichokifanya.

Sababu ya tofauti hiyo inaeleweka kisayansi. Maziwa hubeba protini iitwayo kasini, ambayo huelea katika hali ya utulivu mradi asidi isizidi. Asidi ikiongezeka hadi kufikia kiwango cha pH kinachokaribia 4.6, kasini hugandamana na kuachana na maji yake, na katika maziwa ya moto kugandamana huko hutokea mapema zaidi. Majani mabichi yana asidi yake na pia tanini, yaani kemikali zinazokausha ulimi, ambazo nazo hushikana na protini. Mpishi anayetia maziwa moja kwa moja juu ya mboga zinazotokota huyakata maziwa kwa mikono yake mwenyewe. Mpishi mjuzi hutia musherekha katika maji yanayochemka kabla ya majani kuingia, ili asidi ya majani ikutane na alikali na kupoozwa, kisha huacha mboga ziive na maji yapungue, hupunguza moto, na hapo tu ndipo hutia maziwa yaliyokwisha kupashwa, kidogo kidogo, akikoroga kwa upande mmoja. Kutia unga wa ngano kulibuniwa kwa ajili ya wale wasiojua mpangilio huo. Huficha maji yaliyojitenga, lakini ladha ya unga mbichi hubaki na kushuhudia dhidi yao.

Maziwa yenyewe yanapaswa kuwa mazima, pamoja na malai yake, yaani mafuta yanayopanda juu maziwa yakitulia. Maziwa yaliyoondolewa malai huipa mboga weupe bila kuipa utamu. Zamani, kibuyu cha kusukia maziwa kilipokuwa hakikosekani nyumbani, malai yalikuwa karibu na chungu wakati wote, na mama wa nyumba aliyachota kwa kijiko cha mti bila kuhesabu gharama. Leo familia nyingi za mjini hununua maziwa ya pakiti kwa kipimo cha chai, na mboga hupewa yaliyobaki. Hiyo ni hasara ya kweli.

Kigezo kinachofuata ni muda. Mboga za maziwa zilizopikwa na kuliwa jioni hiyohiyo ni nzuri, lakini hazijakomaa. Desturi ya Magharibi mwa Kenya ilikuwa kuzirudisha motoni jioni na asubuhi, zichemke sawasawa ili zisiharibike, na kuongezewa maziwa kidogo kila mara, hadi siku ya pili au ya tatu, wakati uchungu unapokuwa umezama ndani ya utamu na maziwa yamekuwa mazito yenyewe bila msaada wa unga. Chungu cha udongo hufaa zaidi kwa kazi hii, kwa sababu hupokea joto polepole na kulitoa polepole; sufuria nyembamba ya bati huunguza maziwa upande wa chini kabla mboga za juu hazijapata moto. Vitunguu na nyanya havina nafasi humo, hasa nyanya, ambazo asidi yake hubomoa kila kitu ambacho musherekha umejenga. Ugali wa kuliwa nazo uwe wa wimbi, au wa mahindi yaliyosagwa bila kukobolewa, na usiwe laini.

Kanuni ya maziwa na asidi haihusu Kakamega peke yake. Supu nzito ya mtindo wa Kiitalia, inayopikwa kwa soseji, viazi, krimu na majani ya jamii ya sukuma wiki, hufuata sheria hiyohiyo: wanga unaotoka katika viazi ndio unaopaswa kuipa uzito, na krimu hutiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo. Anayeweza kuuamua ukingo wa sahani ya saga anaweza pia kuihukumu supu hiyo bila kufundishwa upya, ilhali anayeipongeza kwa sababu tu ni nyeupe na nzito hajui kuhukumu hata moja kati ya hizo mbili.

Mboga hizi sasa zimepata heshima ya maandishi. Mwaka 1999 kulichapishwa kitabu kuhusu mimea ya vyakula vya asili vya Kenya kilichoandikwa na Patrick Maundu na wenzake wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Profesa Mary Abukutsa-Onyango ametumia miaka mingi ya utafiti kuthibitisha thamani ya lishe ya mboga hizo. Na mwaka 2021 UNESCO iliingiza juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili katika rejista yake ya mifano bora ya uhifadhi. Mbegu zimeokolewa, na majani yamerudi sokoni. Kilichobaki hatarini ni mkono unaojua kuyapika, na mkono huo hauokolewi na rejista wala kitabu, bali na mlaji anayekataa kusifu kisichostahili. Kila anayealikwa mezani na aitazame sahani ukingoni kabla ya kufungua kinywa kusifu, na akikuta maji yamejitenga, amwambie mpishi ukweli kwa adabu, kisha amweleze sababu.