Moshi wa Gari na Moshi wa Shamba

Wako wenzetu wanaoamini kwamba usafi wa mafuta hujulikana kwa kupima moshi wa gari, basi. Mfano wao ni Brazili. Imani hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli isipochambuliwa huwa silaha ya mnyonyaji.

Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, Brazili ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi. Mwaka 1975 utawala huo ulianzisha mpango wa Proálcool wa kutengeneza ethanoli kwa miwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, zaidi ya magari tisa katika kila kumi mapya yaliyouzwa yalitumia ethanoli. Mwaka 1986 ukaja mpango wa kudhibiti moshi, PROCONVE. Gari hupandishwa juu ya magurudumu ya chuma, huendeshwa kwa mwendo uliopangwa, na moshi wake hukusanywa mifukoni ukapimwa. Gari la ethanoli la wakati ule lilitoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko la petroli, wala halikutoa madini ya risasi, ingawa asetaldehaidi yake ilikuwa nyingi zaidi.

Hatubishi. Lakini kipimo hicho kinaanzia wapi? Kinaanzia kwenye bomba la moshi! Nyuma ya bomba kuna kiwanda, nyuma ya kiwanda kuna shamba, na shambani ndiko matabaka yanakokutana uso kwa uso. Miwa ilichomwa moto kabla ya kukatwa, majani yateketee na panga lipite kwa urahisi. Moshi na masizi yale viliwaangukia wakataji na makazi ya jirani, wala havikuingia katika mfuko wowote wa maabara. Mikopo nafuu ya Serikali iliwaendea wenye viwanda na mashamba makubwa. Mkataji alilipwa kwa kadiri alivyokata. Mei 1984, huko Guariba katika jimbo la São Paulo, waajiri walikuwa wameongeza mistari ya miwa ya kila mkataji kutoka mitano hadi saba. Wavujajasho waligoma, polisi wakaletwa, na mtu mmoja akauawa.

Mabwana hao hawakuwa na mapenzi na mafuta safi vilevile. Bei ya sukari duniani ilipopanda, waligeuza miwa kuwa sukari, na kuanzia mwaka 1989 wenye magari wakaikosa ethanoli vituoni. (Kwamba hata kipimo cha bombani huchezewa, Volkswagen ilidhihirisha mwaka 2015: magari yake ya dizeli yapatayo milioni 11 yalitiwa programu ya kutambua kwamba yanapimwa.)

Sheria ya jimbo la São Paulo ya mwaka 2002 iliagiza uchomaji wa miwa ukomeshwe hatua kwa hatua. Mashine za kuvunia zikaingia, moshi wa shamba ukapungua, na maelfu ya wakataji wakapoteza kazi. Kada wa Bagamoyo au Rufiji katika miaka ya 2000, SEKAB ya Uswidi ilipotafuta ardhi ya miwa ya ethanoli, alikuwa na haki ya kuuliza habari za mashamba hayo kabla ya kuonyeshwa takwimu za moshi.