Kimeng'enya na Mlishano: Istilahi Mbili za Biolojia

Kwamba Kiswahili kina istilahi za sayansi si jambo la kubishaniwa tena. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi hiyo imeendelea. Makala haya yanakusudia kuuliza swali jingine: je, mzizi wa istilahi humwongoza mwanafunzi, au humpoteza? Neno lenye mzizi wa Kibantu huanza kufundisha kabla mwalimu hajafungua kinywa.

Tuchukue kimeng'enya. Mzizi wake ni kuvunjavunja kitu kiwe vipande vidogo, na ndugu yake ni mmeng'enyo wa chakula. Kwa amilasi, ambayo huanza kuvunja wanga kinywani hata ugali uliotafunwa sana ukaonja utamu, jina hili lafaa kabisa. Lakini je, ile polimerasi inayounganisha viungo vya DNA chembe inapojigawa? Hiyo haimeng'enyi chochote, yajenga. Sifa inayovijumuisha vitu hivi vyote si kuvunja bali kuharakisha: kila kimoja hukubali umbo la kitu maalumu, jambo ambalo Emil Fischer alilifananisha na kufuli na ufunguo mwaka 1894, nacho hutoka katika tendo hilo kizima, tayari kwa kazi nyingine. Hayo yote hayamo katika -meng'enya.

Huenda mtu akajibu kwamba neno la Kizungu nalo lina kasoro. Ni kweli. Wilhelm Kühne alipoliunda katika miaka ya 1870 alilitoa katika Kigiriki, kwa maana ya kilichomo ndani ya chachu. Lakini mzizi huo umekufa masikioni mwa wanafunzi, hivyo haumdanganyi yeyote. Mzizi wetu u hai, na ndiyo hatari yake.

Hatari hiyo ni kubwa zaidi Kenya, ambako biolojia ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Amalemba, mjini Kakamega, akikutana na kimeng'enya, yaelekea atakutana nacho katika somo la Kiswahili, pasipo mwalimu wa biolojia wa kumsahihisha. Na ajabu ni kwamba mfano bora umo katika nchi yake. Katika upishi wa busaa, unga wa mahindi uliochachushwa hukaangwa juu ya bati, lakini kimea cha wimbi hakikaangwi kamwe. Hukaushwa tu juani, kisha huchanganywa. Wapishi wajua kwamba moto ungekiharibu. Mwanakemia angeongeza kwamba moto huvuruga umbo la amilasi iliyozaliwa mbegu ilipoota, na wanga usingegeuka sukari ya kulisha hamira. Kimea, kwa mzizi wake -mea, chatuambia kilikotoka tu. Hakidai kueleza kazi yake, na kwa hiyo hakikosei.

Kwa maoni yetu, jina la jumla na liwe enzaimu, na kimeng'enya kibakie kwa zile zinazovunja. Wapo watakaoliona pendekezo hili kuwa ni kukimbilia ukopaji. Sisi twaona heri neno bubu kuliko neno linalosema nusu ya kweli.

Katika ikolojia, mlishano wastahili sifa, kwani ni mfupi na wenye asili. Hata hivyo kiambishi -an- huleta maana ya kutendana. Katika Msitu wa Kakamega mkuyu humlisha kima, na kima humlisha tai. Tai hamlishi kima. Nishati huenda upande mmoja tu, na takriban sehemu moja katika kumi ndiyo ipitayo kutoka ngazi hadi ngazi. Madini ndiyo yarudiayo udongoni, kuvu na bakteria wanapomwozesha tai aliyekufa, na mkuyu ukalishwa tena. Basi mlishano ungefaa sana kuwa jina la mzunguko huo wa madini, na njia ya nishati ipewe jina lenye mwelekeo, kama vile mfuatano wa ulaji.