Daftari la Duka la Kanga

Mwanzoni mwa Januari 2022 alinijia ofisini, hapa Pangani, bibi mmoja mwenye duka la kanga na vitenge, mkononi amebeba kopo la biskuti lililojaa stakabadhi na madaftari mawili ya madeni yaliyofungwa pamoja kwa uzi, akaitikia shikamoo yangu, akaketi, akalifungua kopo, na kabla sijamwuliza haja yake akasema, "Mwanangu, mimi kodi nimeambiwa, sikuulizwa." Alikuwa amelipa shilingi 250,000 kwa mwaka 2021, kwa awamu nne za shilingi 62,500, bila ya kuchelewa hata moja, na sasa alitaka kujua kama kiasi kile ndicho kilichompasa. Nakusudia kueleza namna tulivyoijenga upya hesabu ya duka lake, kwa kuwa wenye maduka wengi wa miji yetu midogo wamo katika hali kama yake, na dawa yake i mikononi mwao wenyewe.

Yafaa kwanza ijulikane sheria inasemaje. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mtu binafsi mkaazi wa Tanzania, ambaye mapato yake yote yatoka katika biashara na mauzo yake ghafi ya mwaka hayazidi shilingi milioni 100, hutozwa kodi kwa kadiri ya mauzo, wala si kwa kadiri ya faida. Mauzo yasiyozidi milioni 4 hayana kodi. Yakiwa kati ya milioni 4 na milioni 7, asiyeweka kumbukumbu hulipa shilingi 100,000, ilhali mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 tu ya kile kilichozidi milioni 4. Na yakiwa kati ya milioni 7 na milioni 11, wa kwanza hulipa 250,000, na wa pili hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Basi mtu aliyeuza kwa shilingi 4,200,000, akiwa na daftari atalipa shilingi 6,000, na asipokuwa nalo atalipa 100,000. Sijui kitu chochote dukani, hata mzani, kimleteacho mwenyewe manufaa makubwa kama hayo kwa gharama ya daftari moja na kalamu.

Bibi yule alikuwa amewekwa katika daraja la milioni 7 hadi 11, na nilipomwuliza siku aliyokuja afisa wa makadirio, nikaanza kuielewa sababu. Afisa alifika mwishoni mwa mwezi wa Machi, ndani ya Shaaban, wakati ambapo kila mwenye duka la nguo amekwisha kujaza rafu zake kwa ajili ya Ramadhani na Idi, na wanunuzi wanaingia kwa makundi. Akaiona bidhaa, akauona umati, akauliza mauzo ya wiki ile, akayazidisha. Simlaumu. Palipokosekana maandishi, jicho halina budi kufanya kazi ya hesabu, na jicho lake liliona wiki iliyo bora katika mwaka mzima.

Kazi yetu ilianza kwa kuhesabu mali. Kwa bahati njema bibi alikuwa na desturi, aliyorithi kwa marehemu mumewe, ya kuhesabu doti zote kila unapokucha mwaka mpya na kuiandika jumla nyuma ya kalenda. Kwa hiyo tulizipata thamani mbili zilizo thabiti, shilingi 1,150,000 kwa bei ya kununulia mwanzoni mwa 2021, na 1,310,000 mwishoni mwake. Manunuzi tuliyatafuta ndani ya kopo, na hapo tulikutana na tatizo ambalo nawasihi wasomaji walizingatie: stakabadhi za mashine huchapwa kwa joto, na maandishi yake hufifia, hata saba kati yake zilikuwa zimebaki karatasi nyeupe tupu, ambazo ukiziinamisha kwenye dirisha huoni ila kivuli cha tarakimu. Ilinibidi nimpigie simu mwuzaji wa jumla aliyeko Tanga, naye kwa ihsani yake akanisomea tarehe na kiasi kutoka katika vitabu vyake. Siku hizi mimi humwambia kila mteja aitoe nakala ya stakabadhi ya mashine siku ileile aipokeapo, au angalau aiandike daftarini kabla haijafifia. Jumla ya manunuzi ikawa shilingi 4,620,000.

Kutoka hapo njia ni nyepesi kwa aliyeizoea. Mali ya mwanzo, ukiongeza manunuzi, ukitoa mali iliyobaki, hukupa gharama ya kile kilichouzwa, nayo ilikuwa 4,460,000. Kisha tukapitia bei: doti iliyonunuliwa kwa 10,000 iliuzwa kwa 13,000, na vitenge, ijapokuwa bei zake zilipanda na kushuka, havikwenda mbali na nyongeza hiyo ya asilimia 30. Mauzo ya mwaka yakatoka shilingi 5,798,000. Kodi ya mwenye kumbukumbu kwa mauzo hayo ni shilingi 53,940.

Lakini mhasibu asiyeijaribu hesabu yake kwa njia ya pili hajafanya hesabu. Nikaenda kwa njia ya fedha. Wadeni wa bibi walikuwa wakidaiwa 214,000 mwanzo wa mwaka na 322,000 mwisho wake, kwa hiyo fedha iliyomfikia mkononi ilikuwa 5,690,000. Katika hiyo alitoa manunuzi yote, akatoa 210,000 za nauli na mizigo ya Tanga, 96,000 za umeme na mengineyo, kwani pango halipi, duka likiwa ni baraza ya nyumba yao. Akatoa na ile kodi ya 250,000. Zilizobaki ni 514,000. Nikamwuliza, bila ya kumwonyesha tarakimu hiyo, achukua kiasi gani dukani kwa matumizi ya nyumbani. Akajibu upesi, kama mtu aliyeulizwa jina lake, kwamba kila Ijumaa huchukua 10,000, hazidishi wala hapunguzi. Ijumaa hamsini na tatu za mwaka 2021 ni shilingi 530,000. Njia mbili zilizoanzia mahali mbalimbali, moja kwenye rafu na moja kwenye sanduku la fedha, zilikutana zikiwa zimeachana kwa shilingi 16,000 tu, na nakiri kwamba niliiweka kalamu chini kwa furaha.

Lilibaki fumbo moja, nalo ndilo nililohofia zaidi. Taarifa ya fedha za simu yake ilionyesha kuwa zimeingia shilingi 4,300,000, kiasi ambacho mtu akikijumlisha na fedha taslimu ya dukani atapata biashara nyingine kabisa. Kumbe bibi yule ni kijumbe wa upatu wa wanawake kumi na wawili, baadhi yao wa ng'ambo ya mto, Bweni, kila mmoja akitoa 5,000 kwa wiki. Na elfu sitini za kila wiki, kwa mwaka mzima, ni shilingi 3,120,000 zilizopita katika simu yake zikiwa amana ya wenziwe, hazikuwa zake hata senti moja. Ongeza fedha hiyo juu ya mauzo ya duka na utafika 8,918,000, yaani umekwisha kuingia katika daraja la milioni 7 hadi 11, na hata ukiwa na kumbukumbu utatakiwa ulipe 147,540. Nilimshauri atafute laini nyingine ya simu kwa ajili ya upatu, nayo isiguse mauzo ya duka hata siku moja. Nami naliona shauri hili kuwa na faida kuliko yote niliyompa.

Hapa ataniuliza msomaji: je, mlidai mrejeshewe tofauti? Hatukudai. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 humpa mlipakodi siku 30 tangu apate makadirio ili kuyapinga, na tena humtaka alipe kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kile kiasi asichokipinga, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Siku hizo zilikuwa zimepita zamani. Fauka ya hayo, hesabu iliyojengwa upya baada ya mwaka kwisha si sawa na kumbukumbu iliyowekwa siku kwa siku, nami sikuwa radhi kuiita kwa jina lisilo lake. Tuliitumia kama ushahidi wa hali ya biashara kwa ajili ya makadirio ya mwaka uliokuwa unaanza, na siku ileile tukafungua daftari.

Maneno ya bibi, kwamba aliambiwa wala hakuulizwa, yalinikaa moyoni kwa sababu yana historia katika mwambao huu. Wadachi walipoleta kodi ya nyumba mwaka 1898 walihesabu nyumba. Kodi ya kichwa iliyofuata ilihesabu vichwa. Na kodi ya maendeleo, iliyofutwa mwaka 2003, wazee wetu waliilipa kwa kiwango kilichotajwa, hapakuwa na swali la nani ameuza nini. Kwa zaidi ya miaka mia mtu wa kawaida alifunzwa kuwa kodi ni jambo la kusikia, na maandishi yake mwenyewe hayaongezi wala hayapunguzi. Mfumo wa mauzo umelibadili jambo hilo kwa ukamilifu, ila mazoea hayakufutwa pamoja na sheria za zamani, na kazi ya kuyafuta imetuangukia sisi wenye ofisi ndogo za mijini.

Daftari tulilolifungua lina safu sita: tarehe, bidhaa, idadi, bei, taslimu, na mkopo. Huandikwa kabla ya duka kufungwa kwa ajili ya Magharibi, na kila mwisho wa mwezi hupigwa mstari na kujumlishwa. Mkopo huandikwa siku bidhaa ilipotoka. Mtu binafsi anaweza kuhesabu kwa fedha iliyopokewa au kwa madai yaliyozaliwa, ila achague moja, asichanganye. Madaftari na stakabadhi hutunzwa miaka mitano. Na kila mwaka, baada ya Julai mosi, Sheria mpya ya Fedha ianzapo kutumika, viwango visomwe upya, kwa maana madaraja hubadilishwa. Hata kiwango cha kujiandikisha kwa kodi ya ongezeko la thamani, kilichokuwa mauzo ya milioni 100, kilipandishwa kuwa milioni 200 mwaka 2023.

Mwaka ule wa 2022, mwishoni mwa Machi, ambayo tena iliangukia Shaaban, afisa alikuja, na duka lilikuwa limejaa vilevile, na wanunuzi wamesimama hadi barazani. Bibi aliniambia kuwa alilitoa daftari chini ya meza, akaliweka juu ya marobota ya vitenge, akamfungulia jumla ya Januari, kisha ya Februari, kisha kurasa za Machi ambazo wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Akamweleza na habari ya upatu kabla hajaulizwa. Afisa alisoma akiwa amesimama, kisha akaomba kiti. Mauzo ya mwaka yakakadiriwa kuwa milioni 6, kodi shilingi 60,000. Awamu ya kwanza, shilingi 15,000, aliilipa kwa kumbukumbu namba tarehe 30 Machi, akatoa nakala ya stakabadhi yake, akaibandika kwa gundi ndani ya jalada.