Ubahili wa Kilomita Ishirini na Moja

Ukitaka kumjua mkimbiaji wa Kitengela, mtazame viatu vyake msimu wa mvua. Udongo wetu mweusi haumwachi mtu aende zake. Hung'ang'ania soli, ukajipanga tabaka juu ya tabaka, hata ukifika kilomita ya pili umerefuka kimo na kila mguu una mzigo wake. Wazoefu huvunja kijiti, wakasimama kando ya ua wa mtu, wakakwangua, wakaendelea. Kiangazi kikifika, udongo uleule hupasuka nyufa za kumeza kifundo cha mguu, na vumbi la malori ya mchanga na saruji hukaa kwenye nyusi mpaka saa ya kuoga. Kisha kuna upepo wa nyanda za Athi, usio na mti wa kuuzuia, ambao kwa sababu nisizozielewa huvuma usoni unapokwenda na usoni tena unaporudi.

Huko ndiko watu hujifunzia. Hutoka kabla jua halijachomoza, maana kukipambazuka barabara ya Namanga huwa mali ya matatu na matrela, na dereva anayewahi abiria wa Nairobi hana muda na mwenda kwa miguu. Wengine huchepuka wakafuata njia za ndani kuelekea Isinya. Wengine huzunguka Noonkopir wakipishana na mikokoteni ya punda inayosambaza maji kwenye maploti. Wengi wao hawana uwanja wala kocha. Walicho nacho ni mwinuko. Kitengela iko karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwili unaozoea kufanya kazi penye hewa haba hutengeneza damu ya kuibeba hewa hiyo vizuri zaidi.

Ufundi ninaotaka kuusifu ni wa nusu marathoni, na hasa wa kuifuata mbali. Umbali wake ni kilomita 21 na mita 97 na nusu, na wasiokimbia huudharau wakidhani ni mbio za walioshindwa na marathoni nzima. Mimi nadhani ndizo mbio ngumu kuzipatia kuliko zote. Marathoni ina adui anayejulikana: baada ya kilomita 30 hivi akiba ya wanga mwilini hukauka, miguu ikagoma, na kila anayejiandikisha huwa ameonywa mapema. Mita 5,000 nazo zina huruma, maana huisha kabla deni halijadaiwa. Nusu marathoni haina huruma hiyo. Ni ndefu kiasi cha kuiadhibu kilomita moja ya pupa, na ni fupi kiasi kwamba ukilegea hupati pa kufidia. Adhabu yenyewe haiji kwa kishindo. Unafika kilomita ya 15, mapaja yameanza kuwa mazito, na unajiuliza umekosea wapi. Kosa ulilitenda saa nzima iliyopita, ukiwa unatabasamu.

Basi ufundi wake ni ubahili. Namjua dada mmoja anayeshona suruali katika kiwanda cha EPZ, Athi River. Hukimbia bila saa mkononi. Hesabu yake ni ya pumzi: hatua tatu akivuta, hatua mbili akitoa, na hesabu hiyo ikivurugika kabla ya kilomita ya kumi hupunguza mwendo hata kama anapitwa na mzee wa miaka sabini. Nilipomuuliza alifundishwa na nani, alinionyesha mashine yake ya kushonea. Anayeanza zamu kwa kasi, alisema, hukosa vidole vya jioni. Anayefikisha hesabu ya siku ni yule ambaye saa ya kwanza na saa ya nane zake zinafanana. Sijasoma kitabu cha mazoezi kilichoyasema hayo kwa ufupi zaidi.

Ubahili huo una alama zake, na ukikaa kando ya njia utaziona. Mabega ya fundi yako chini. Mikono yake haivuki katikati ya kifua. Nyayo zake hazina kelele, kwa kuwa kelele ni nguvu inayopotea ardhini. Akipanda mlima hufupisha hatua bila kupunguza idadi yake, macho yakiwa mita chache mbele, hayaangalii kilele. Katika kilomita tano za kwanza anaweza kukusalimu na kuuliza habari za nyumbani kwa sentensi kamili. Mwanafunzi naye utamtambua kwa ukimya: ameshaanza kuhema, na kwa kuhema huko anajiona shujaa.

Wakenya tumeupeleka ufundi huu mbali kuliko watu wengi. Taji la kwanza la dunia la nusu marathoni, lililoshindaniwa Newcastle, Uingereza, mwaka 1992, lilichukuliwa na Benson Masya wa Kitui, mtu aliyewahi kuwa bondia kabla ya kuwa mkimbiaji. Mwaka uliofuata, Moses Tanui alikimbia Milan kwa dakika 59 na sekunde 47, akawa mwanadamu wa kwanza kuumaliza umbali huo chini ya saa moja. Halafu akaja Paul Tergat. Huyu tunamdai kwa haki kidogo sisi watu wa kaunti hii, kwa kuwa alijinoa kwenye miteremko ya Ngong, na Ngong iko Kajiado hata kama wakazi wake husema wanaishi Nairobi. Tergat alishinda mbio za Milan mara sita mfululizo, kuanzia 1994 hadi 1999. Mwaka 1996 alimaliza kwa 58:51, dunia ikashangilia rekodi, kisha njia ikapimwa upya ikaonekana imepungua mita 49. Rekodi ikafutwa. Alirudi pale pale mwaka 1998 akakimbia 59:17 kwenye njia iliyotimia, na safari hii muda ukasimama. Kinachonivutia kwake ni kule kurudi. Mtu mwingine angesusa mji mzima.

Baadaye akaja Geoffrey Kamworor. Mwaka 2016, jijini Cardiff, alianguka mara tu mlio wa kuanzia uliposikika, umati ukampita, magoti yakachubuka. Aliinuka, akalifikia kundi la mbele, akatwaa taji la dunia kwa 59:10, na Mo Farah akamaliza wa tatu. Watu husimulia kuanguka kwake. Mimi ningependa wasimulie zaidi kwamba baada ya kutumia nguvu zote zile kulifikia kundi bado alikuwa na akiba ya kuwaacha wenzake mwishoni. Wahenga walisema kutangulia si kufika, ingawa sidhani walikuwa wakimfikiria bingwa aliyelala chini kwenye lami ya Wales.

Sasa, kwa nini mtu wa Kitengela, ambaye si Tergat wala hatapata zawadi, apande basi kwenda mbali kukimbia umbali uleule anaoweza kuukimbia hapa? Nairobi Marathon, iliyoanza mwaka 2003, ina nusu yake, na kwa matatu ni karibu tu. Nimeulizwa swali hili mara nyingi na watu wanaoheshimu fedha zao. Jibu langu ni kwamba nyumbani mkimbiaji ana wasaidizi asiowajua. Kituo cha mafuta humwambia amefika kilomita tatu. Geti la shule humwambia mlima umeisha. Mbwa wa kona ile humwongezea kasi kila asubuhi bila malipo. Ugenini wote hao hawapo. Hujui kona inaficha mteremko au mlima, hujui jua litatokea upande gani, na kipimo pekee ulichosafiri nacho ni pumzi yako. Hapo ndipo inapojulikana kama ulijifunza kukimbia au ulikariri barabara.

Kwa sisi wa barabara ya Namanga, ugenini wa kwanza ni Moshi, Tanzania. Mbio za Kilimanjaro zilianza mwaka 2003, mwaka mmoja na zile za Nairobi, na hufanyika Jumapili, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Safari yake ni nusu ya kazi. Basi linapita Isinya, Kajiado mjini, Bisil yenye soko lake la mifugo, Maili Tisa, na kila mji unaoupita mwili unazidi kukakamaa kitini. Aliyeizoea safari hii huomba kiti cha kando ya ujia, akanyoosha goti moja baada ya jingine, akasimama kila basi linaposimama. Maji hunywa kidogo kidogo tangu Ijumaa. Chakula cha njiani hukiangalia kwa macho tu, kwa kuwa tumbo halina uzalendo na huasi popote.

Katika safari moja niliketi na mzee wa Kimaasai aliyekuwa akienda Longido kumwona binti yake. Shikamoo, marahaba, habari za mvua, habari za ng'ombe. Kisha akauliza ninakokwenda.

"Moshi, mzee. Kuna mbio."

"Yaani umelipa nauli ili ukakimbie?"

"Nimelipa. Na mbio zenyewe pia nimezilipia."

Alinitazama, akatazama viatu vyangu, akatazama nje kwa muda mrefu. "Mwanangu," alisema, "sisi tulikimbia bure, na simba alikuwepo."

Namanga, chini ya mlima Ol Doinyo Orok, unashuka na mzigo wako. Siku hizi pande zote mbili za mpaka huhudumu katika jengo moja, kwa hiyo foleni si ile ya zamani. Lakini kadi ya homa ya manjano huulizwa, na asiyekuwa nayo huchelewesha basi zima, jambo ambalo abiria hawasahau. Akina mama wa shanga watakuuzia bangili unayoitaka na usiyoitaka. Wabadilishaji fedha nao watakuita kaka au dada kwa upole wa kutia shaka. Ukishavuka, nyanda za Longido zinafanana na za kwetu kiasi cha kukuliwaza, mpaka mlima Meru unapojitokeza, na kutoka Arusha kwenda Moshi, kilomita 80 hivi, kila kitu kinageuka kijani.

Hapo mwili unapewa habari mbili kwa pamoja. Moshi iko chini sana kuliko Kitengela, takriban nusu ya mwinuko wetu, kwa hiyo hewa ni tele na Jumamosi jioni kila mtu anajisikia bingwa. Habari ya pili ni joto lenye unyevu. Sisi tumezoea jasho linalokauka kabla hujalifuta. La Moshi hubaki mwilini, na jasho lisilokauka halipoozi kitu. Moyo hulazimika kupeleka damu kwenye ngozi ili upoe, na damu hiyo ndiyo miguu ilikuwa ikiitegemea. Anayejua hesabu hii huanza taratibu kuliko anavyoanza nyumbani, huku hewa nzito ikimshawishi kufanya kinyume.

Na njia yenyewe haikusaidii kujidanganya. Inaanzia Chuo Kikuu cha Ushirika, ikazunguka, kisha ikashika mlima kuelekea Mweka, ikipita kwenye migomba na kahawa za Wachaga, mlima usio mkali popote ila usioisha. Watoto husimama kwenye vichochoro wakinyoosha viganja vipigwe. "Kaza, kaka! Kaza, dada!" Kelele zao ni tamu na ni za hatari, kwa sababu kila kiganja unachokipiga kinakuongezea mwendo usioupanga. Niliwahi kumwona yule dada wa EPZ kwenye mlima huo. Alipiga viganja vyote, kimoja baada ya kingine, na mdomo wake ulikuwa ukihesabu: tatu, mbili, tatu, mbili. Wanaume waliotuacha kwenye lami ya chini walikuwa wamesimama kando, mikono viunoni, wakijifanya wanakitazama kilele cha Kibo.

Wengi hudhani kazi huishia juu. Kwa kweli mteremko ndio unaowavunja walio wengi. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki, ikinyooka huku imekaza, na hakuna kitu kinachoichana kama hicho. Anayejirusha chini akifurahia kasi ya bure hufika tambarare ya mjini akiwa na miguu ya kuazima. Fundi huinama kidogo mbele kutoka kwenye vifundo, akaacha hatua ziwe nyingi na fupi, akaishi na aibu ya kupitwa. Anaowaacha wampite atawakuta tena karibu na lango la chuo.

Muda wa yule dada huwaje? Wa kawaida. Saa mbili na dakika zake, pengine na robo. Wenye kasi walishamaliza, wakapigwa picha na kuvaa makoti yao. Lakini nikiitazama namna alivyoikimbia kilomita ya 20, mwendo uleule wa kilomita ya 4, mabega chini, hesabu haijavurugika, naona kazi iliyokamilika kwa kiwango ambacho mara nyingi nimekikosa kwa walioshinda medali. Kasi ni kipaji. Kuigawa sawasawa, juu ya ardhi usiyoijua, baada ya kukaa ndani ya basi kutwa nzima, hujifunza mtu kwa miaka.

Anayetaka kujaribu aanze mazoezi kabla ya Krismasi, na achanje homa ya manjano mapema, kwa kuwa kadi huanza kutambuliwa siku kumi baada ya sindano. Abane namba yake kifuani kwa pini nne, si mbili. Na Jumapili asubuhi, watu wote wakifyatuka kama wanaowahi basi la mwisho la Namanga, asimfuate mtu yeyote kwa kilomita tatu.