Mwalimu wa Darasa la Kwanza na Sherehe ya Akina Mama

Siku ya Mama huangukia Jumapili ya pili ya Mei, lakini mwalimu wa darasa la kwanza huianza mapema zaidi. Hukata manila za kadi kwa mkasi mmoja huku darasa zima likingoja zamu ya gundi. Husikiliza ngonjera ileile mpaka mwenye kigugumizi naye aimalize. Saa ya sherehe huipanga baada ya kuuliza mama muuza samaki hutoka sokoni saa ngapi. Vikombe huviazima kwa majirani, na kuviosha ni juu yake. Ila ninachokiheshimu zaidi hakionekani ukumbini: hutafuta mapema mtoto gani hana mama, akamwendee bibi au shangazi yake nyumbani, amwombe aje kupokea kadi.