Fundi wa Kalafati

Jumamosi moja mwanafunzi wangu wa uandishi alitusomea kurasa mbili za hadithi ya mji uliobaki ukielea baada ya bahari kumeza nchi kavu. Mhusika wake, Fundi, si mwanamume na si mwanamke, na mjini mwao hakuna anayelishangaa hilo. Katika kurasa zile Fundi anatia jahazi kalafati: anasokota pamba, anaichovya kwenye sifa, yale mafuta ya papa, anaishindilia katikati ya mbao kwa patasi na nyundo ya mti. Alikohoa, alicheka, alitema mate pembeni. Mwanafunzi alifunga daftari kwa tabasamu, akijua Kiswahili kimeshamfanyia kazi, maana hiyo “a” ya “alicheka” haina dume wala jike. Nikawauliza wasikilizaji wamemwona nani. Wote walimwona mzee wa kiume. Mmoja alishampa na ndevu.

Kosa hilo liliwahi kumpata bingwa. Mwaka 1969 Ursula K. Le Guin alitoa The Left Hand of Darkness, riwaya ya sayari ya baridi kali iitwayo Gethen. Watu wake hawana jinsia, isipokuwa kwa siku chache kila mwezi, ambapo yeyote anaweza kugeukia upande wowote. Aliyezaa mtoto mwaka huu anaweza mwakani kumpa mwenzake mimba, na mfalme naye hushika ujauzito bila kuacha kuwa mfalme. Ila Kiingereza kilimdai Le Guin achague, naye akachagua “he” kwa wote. Wasomaji wakaona sayari nzima ya wanaume. Mwaka 1976 alijitetea katika insha, akasema hataki kuiharibu lugha kwa kubuni viwakilishi. Miaka kumi na moja baadaye aliirudia insha ileile, na hapa ndipo ninapomvulia kofia: hakufuta neno. Aliacha utetezi wake pale ulipokuwa, akaandika pembeni yake kwamba amebadili mawazo. Ni mafundi wachache wanaokubali tuuone mshono wa zamani na jinsi ulivyofumuliwa.

Lakini kuna jambo lililoniuma zaidi kuliko kiwakilishi. Le Guin alikiri kwamba alimwonyesha Estraven, mhusika wake mkubwa, akiwa waziri, akiwa mkimbizi, akivuta sleji kwenye barafu, na hakumwonyesha akiwa mzazi na watoto wake. Tulimwona katika kazi ambazo tumezoea kuwapa wanaume. Hata kama riwaya ile ingeandikwa kwa Kiswahili tangu sentensi ya kwanza, bado tungeota ndevu.

Ann Leckie alipitia mlango mwingine. Katika Ancillary Justice ya 2013, msimulizi Breq, ambaye zamani alikuwa akili ya meli ya kivita ya angani, anamwita kila mtu “she”, kwa kuwa lugha ya watu wake haitenganishi. Anapolazimika kusema lugha za wengine hukisia kwa mavazi na sauti, akihofia kukosea. Nilicheka kwa uchungu, maana namjua. Ni mimi darasani, nikimwita mama yangu “he” mbele ya watoto arobaini.

Basi kwetu jinsia inajificha wapi, kama si kwenye “a”? Jaribu kumwozesha Fundi. Akioa, amekuwa mwanamume. Akiolewa, amekuwa mwanamke. Kitenzi kimoja kimeharibu kurasa hamsini za uangalifu. Kinachomwokoa ni kiambishi kidogo, “-ana”: wameoana, na hakuna aliyetendwa. Nenda kwa ndugu zake: kaka, dada, shangazi, mjomba na wifi wote wanakusubiri na mtego. (Wapo wanaopendekeza neno huntha. Lipo kwenye kamusi na kwenye vitabu vya sheria ya dini, lakini linazungumzia maumbile ya mwili, na Fundi hatukumfunua nguo.) Halafu kuna yale ambayo pwani tunayajua bila kuyaita fasihi. Kwenye ngoma ya pepo, mwenye kupandwa huitwa kiti, na anayeamkiwa na kuulizwa anataka nini ni pepo aliyeketi, awe wa kike au wa kiume, kwenye kiti chochote kile. Akwaeke Emezi wa Nigeria alichota kisima kinachofanana na hicho, imani ya Waigbo juu ya roho waitwao ogbanje, na katika Freshwater ya 2018 akawaacha walio ndani ya mhusika wake Ada wasimulie kwa “sisi”.

Mwanafunzi alirudi na rasimu ya pili. Sasa Fundi alikuwa na mtoto mgongoni, amefungwa kwa kanga. Tukamwona mama. (Na wewe, mwanafunzi wangu umeshamwona ni nani? Mimi sikusema.)

Rasimu ya tatu ilichukua wiki tano. Kanga ilikuwepo, nyundo ilikuwepo, lakini alikuwepo pia mtoto wa jirani aliyepewa jina la Fundi. Watu wenye jina moja pwani huitana somo, na neno hilo halimwulizi mtu jinsia yake. “Somo, kunanuka!” mtoto anasema. Fundi anachovya kidole kwenye sifa, anampaka puani, na wote wawili wanakimbizana kuzunguka chombo, pamba ikikauka juani bila kushindiliwa. Kazi imeharibika kwa siku hiyo. Maji yanakuja.

Daftari lilipofungwa palikuwa kimya, kisha yule aliyempa Fundi ndevu akauliza kama jahazi lilielea.