Asiyeamini Mbele ya Ibada ya Jamaa Zake

Mtu asiyemwamini Mungu hawezi kukaa na watu siku nyingi bila ya kuitwa kwenye ibada. Mtoto huzaliwa, akaombewa dua; vijana huoana, wakafungishwa ndoa na sheikh au padre; mzee hufa, na mtaa mzima hukusanyika kumzika. Katika mikusanyiko hiyo hakuna amwulizaye mwenzake kama anaamini. Hutazamwa tu kama amekuja, kama amesimama watu waliposimama, na kama mikono yake imeinuka pamoja na mikono ya wengine. Hoja za kuwapo au kutokuwapo kwa Mungu zimejaza vitabu vya falsafa, lakini swali hili dogo la mikono na magoti falsafa hulipita kwa haraka. Riwaya haikulipita. Makusudio ya insha hii ni kutazama watunzi watatu waliolikabili, Ivan Turgenev wa Urusi, James Joyce wa Ayalandi na Miguel de Unamuno wa Hispania, na kupima uzito wa jibu la kila mmoja.

Katika Baba na Wana, riwaya ya Turgenev iliyotolewa mwaka 1862, Bazarov ni kijana wa utabibu asiyekubali jambo lolote kwa heshima ya ukale wake. Anaporudi kwa wazazi wake baada ya miaka, mama yake huagiza ibada ya shukrani, na baba huja kwa haya kumwarifu kwamba kasisi atakula nao. Bazarov hakasiriki. Huuliza tu kwa mzaha kama mgeni huyo hatakula fungu lake, na kusema kwamba yu tayari kuketi mezani na mtu yeyote. Baada ya chakula hucheza karata na kasisi, na kasisi humshinda. Hapa Turgenev anatuonyesha jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili husahau, kwamba mkana Mungu na mtu wa Mungu, kabla ya kuwa wapinzani, ni majirani.

Jaribio lenyewe huja baadaye. Bazarov hujikata kidole katika kupasua maiti ya mtu aliyekufa kwa homa ya tifasi, naye huambukizwa. Baba yake humsihi atimize wajibu wa Mkristo. Mgonjwa hujibu kwamba hakatai ikiwa jambo hilo litawafariji, lakini hapana haja ya haraka, kwa kuwa hata asiye na fahamu huweza kupewa sakramenti. Basi hupakwa mafuta akiwa amekwisha zimia. Na mafuta yanapogusa kifua chake, jicho moja hufumbuka, na mbele ya kasisi, moshi wa chetezo na mishumaa, kitu mfano wa kitisho hupita usoni pake. Turgenev hatuelezi maana ya kitisho hicho. Anayeamini atasema ni roho iliyoona ilichokikana; asiyeamini atasema ni mwili uliodhulumiwa. Mtunzi amewaachia wote wawili neno lao, na hilo si dogo kwa kitabu kilichotoka wakati watu wa nchi yake walikuwa wakigombana vikali juu ya mambo hayo hayo.

Joyce ni mkali zaidi. Katika riwaya yake ya mwaka 1916 juu ya ujana wa Stephen Dedalus, mama humtaka mwanawe apokee Komunyo ya Pasaka, naye hukataa. Rafiki yake humwuliza ni hasara gani kumridhisha mama aliyeteseka sana. Jibu la Stephen lastahili kufikiriwa: huogopa athari itakayotendeka ndani ya nafsi yake akitoa heshima ya uwongo kwa ishara iliyobeba ibada ya karne ishirini. Katika Ulysses, iliyotolewa mwaka 1922, shauri limekuwa zito zaidi. Mama amekufa, alipokuwa akikata roho alimwomba mwanawe apige magoti amwombee, na mwana hakupiga. Anayemlaumu ni Buck Mulligan, mtu ambaye katika ukurasa wa kwanza huigiza Misa kwa bakuli la kunyolea ndevu. Huyu angepiga magoti pasipo shida, kwa sababu kwake magoti hayana maana. Stephen hakupiga kwa sababu kwake yalikuwa na maana kubwa mno. Kwa namna hii Joyce huligeuza shauri: mwenye dhihaka ndiye mtiifu, na aliyekataa ndiye aliyeipa ibada heshima yake.

Yafaa kujua kwamba Joyce aliyapata mambo haya nyumbani kwao. Mama yake alifariki Dublin mwezi wa Agosti, 1903, na inasimuliwa kwamba yeye na ndugu yake hawakupiga magoti mjomba wao alipowaamuru, mama akiwa amekwisha poteza fahamu. Katika kitabu mwenye kuamuru ametolewa na mwenye kuomba ametiwa mahali pake. Kukataa amri ya mjomba ni ujasiri wa kawaida. Kukataa ombi la mama ni deni lisilolipika. Mtunzi hakuitumia sanaa kujitetea, bali kujiongezea mashtaka.

Unamuno, katika hadithi yake ya San Manuel Bueno ya mwaka 1931, humweka asiyeamini mahali pasipotazamiwa, yaani madhabahuni. Don Manuel ni padre wa kijiji, mpenzi wa maskini na mfariji wa wafao, naye haamini uzima wa milele. Watu wakisema Kanuni ya Imani kwa sauti moja, hufika mahali pa ufufuo naye akanyamaza, na sauti za watu huufunika ukimya wake. Lázaro, kijana aliyerudi kutoka Amerika na fikra huru, humwahidi mama yake mahututi kwamba atamwombea. Kisha, kwa shauri la Don Manuel, hupokea Komunyo mbele ya kijiji kizima. Padre hutetemeka, hostia ikamwanguka mkononi, na Lázaro mwenyewe huiokota na kuitia kinywani. Watu hulia kwa furaha, wakidhani wameona mtu aliyeongoka.

Wengi wameisifu hadithi hii kwa huruma yake, na huruma imo. Lakini msomaji asikubali upesi. Mzazi wa Bazarov alijua mwanawe haamini. Mama wa Stephen alijua vile vile. Mafuta ya mmoja na magoti ya mwingine yasingemdanganya mtu. Katika kijiji cha Don Manuel wamedanganywa wote isipokuwa wawili, na wa tatu ni Ángela, dada wa Lázaro, ambaye amebaki peke yake na siri hiyo wakati askofu anaandaa kumtangaza padre huyo mwenye heri. Walioamua kwamba watu hawawezi kuustahimili ukweli hawakuwauliza watu.

Wahenga wetu walisema: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Wengine hutamka: fumba lako jicho. Tofauti ya neno moja ni kubwa. Anayefumba aweza kufumbua atokapo, anayevunja amekwisha. Stephen alidhani kwamba kila kufumba ni kuvunja, na hapo, kwa maoni yangu, alikosea, maana mama yake hakuomba imani yake, aliomba awe karibu naye. Lázaro alidhani kwamba alikuwa akifumba tu, lakini jicho lililofumbwa miaka yote mbele ya watu waliodhani linaona si mbali na jicho lililovunjwa. Bazarov peke yake alijua mpaka: aliutoa mwili wake kwa faraja ya wazazi, akauzuia ulimi wake.

Katika fasihi yetu Euphrase Kezilahabi alimleta Kazimoto, msomi mwenye mashaka mazito, katika Kichwamaji (1974), na mashaka yake yakamfikisha kwenye kujiua. Lakini wengi wenye mashaka hawajiui. Huenda kazini, huoa, huzika, na jioni huketi mkekani katika hitima ya jirani. Mtu huyo anastahili riwaya yake, na mtunzi atakayemwandika asimfanye shujaa wala mnafiki kabla ya kumwuliza maswali mawili: ni nani aliyedanganywa kwa mikono yake iliyoinuka, na ni nani angeumia kama isingeinuka? Na wenye kuamini nao wana swali lao. Jirani aliyekuja kuzika pamoja nasi, akasimama kimya wakati wa dua, ametupa alicho nacho. Kumdai na ulimi wake ni kumfundisha uwongo mbele ya maiti.